Yule Mwanamke Jukwaani Ni Nani?

Wateja wa mama yangu walipomuuliza mwanawe anafanya kazi gani, aliwajibu kwamba ni mwalimu. Alisema hivyo kwa sababu ualimu unaeleweka. Mimi nilikuwa mwigizaji, baadaye nikawa pia mwandishi wa magazeti anayehakiki michezo ya watu wengine, na mchanganyiko huo hata mimi ulinishinda kuueleza.

Mwaka 2015 nilikuwa nimepanga chumba kwenye ghorofa moja la Joubert Park, katikati ya Johannesburg. Kikundi chetu kilikuwa kikizunguka shule za msingi kuwafundisha watoto kuvuka barabara. Mimi nilikuwa robot, kama watu wa huku wanavyoziita taa za barabarani. Nilivaa boksi refu lenye macho matatu, nikatangaza kwa Kizulu na Kiingereza nani asimame na nani apite. Mama alipoona picha alizitazama kwa muda mrefu.

"Baba yako alikimbia nchi yake kwa ajili ya uhuru," alisema, "mimi nikaacha kwetu nikamfuata huku, na wewe ukawa taa ya barabarani."

Hakuwa amekasirika. Alitaka tu kuelewa imekuwaje.

Baba alikuwa mtu wa Soweto aliyekimbilia Tanzania siku za ubaguzi wa rangi. Alikutana na mama Morogoro, na huko nikazaliwa. Mambo yalipobadilika Afrika Kusini tulihamia Johannesburg; nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Baba alifariki kabla sijamaliza sekondari. Tulidhani mama atarudi kwao, lakini yeye alifungua meza ya vitenge na kanga mtaani Mayfair, karibu na msikiti, katikati ya maduka ya Wasomali, na hapo akakaa.

Uhakiki niliupata kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikwenda kutazama mchezo mmoja mjini, ambamo mzee mgeni analia juu ya sanduku lake la safari. Ukumbi mzima ulilia naye. Mimi nilitoka nje nikaanza kumweleza rafiki yangu kwamba katika wale wawili, sanduku ndilo lililonishawishi: lilikuwa limechakaa mahali panapochakaa kweli, pale mkono unaposhika, ilhali machozi ya mzee hayakuwa na mahali yalipotoka. Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mmoja na kikombe cha chai.

"Hebu rudia hilo la sanduku," aliniambia.

Alikuwa mhariri wa kurasa za sanaa wa gazeti lililokuwa na ofisi Marshalltown. Wiki iliyofuata nilikwenda huko, akanipa kiti na kompyuta. "Andika kama ulivyokuwa unaongea," alisema. "Usiandike kama mtu anayesahihishiwa."

Kuanzia hapo nikawa na ruhusa ya kuuliza chochote. Niliandika juu ya michezo ya kuigiza, juu ya matangazo ya televisheni, juu ya sababu zinazowafanya washereheshaji wa harusi wote wawe na kicheko kimoja. Waigizaji wenzangu wakaanza kunisalimia kwa uangalifu.

Mwaka 2017 nikatunga mchezo wangu mwenyewe wa mtu mmoja. Ulimhusu mama. Nilimwigiza akigombana benki, akigombana kwenye foleni ya hospitali, akigombana na mwalimu wangu mkuu, sauti juu, mikono hewani, Kiingereza chake kikikimbilia Kizulu kila kinapopungukiwa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Tulianzia kwenye chumba kidogo tukahamishiwa ukumbi mkubwa, na mhakiki wa gazeti jingine akaandika kwamba ni kama mama mwenyewe alikuwa pale. Maneno hayo yalinipendeza sana.

Mama mwenyewe hakuwa amekuja. Kila nikimwalika alisema atakuja, kisha panatokea msiba, au mzigo wa vitenge. Mwishowe alikuja Jumamosi moja mchana, pamoja na rafiki yake, msusi wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa na saluni karibu na kwangu. Walikaa mbele kabisa. Yule msusi alicheka akijipiga paja. Mama alinitazama vile anavyokagua kitambaa, akitafuta pale rangi ilipochujia.

Nilipowarudisha nyumbani alisifu viti vya ukumbi. Alisema ni viti vizuri, havichoshi mgongo.

Asubuhi yake nilikwenda Mayfair. Nilishindwa kuvumilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, chai iko kwenye chupa."

Nilijimiminia. "Jana hukuniambia umeuonaje mchezo."

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Yule mwanamke ni nani?"

"Yupi?"

"Yule uliyekuwa unamwigiza."

Nilidhani ananitania. "Ni wewe, mama."

Aliweka kikombe chini. Alionekana kushangaa kweli. "Mimi? Mimi nilijua ni shangazi yako."

Shangazi, dada yake baba, anaishi Soweto na akiongea jikoni anasikika hadi kwa jirani wa tatu. Nilicheka, lakini mama hakucheka.

"Lakini benki uligombana," nilisema. "Nilikuwepo, nilikushika gauni."

"Niligombana kwa Kiingereza. Lugha ya kuazima haina pa kukaa, mwanangu. Maneno yakikuishia unabaki na kelele. Wewe umewahi kunisikia nikigombana kwa Kiswahili?"

Nilitafuta kichwani sikupata. Nyumbani mama alikuwa akiniongelesha Kiswahili na mimi nikimjibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wengi waliokulia huku. Nilielewa kila neno lake. Ila sikumbuki kama niliwahi kusikiliza yalivyosemwa. Nilikuwa nalipwa kutazama watu, na mtu niliyeanza naye maisha alikuwa amenipita.

"Naomba nije nikae mezani kwako," nilisema.

"Kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Basi ukisikiliza, mikono ikunje vitenge."

Nikaanza kwenda kila nilipokuwa sina onyesho. Ilinichukua muda kuzoea, maana mama niliyemkuta pale hakuwa mmoja. Akija mwanamke wa Kikongo na kusema, "Mama, bintu byako biko bizuri, lakini bei iko juu," mama alimjibu kwa lafudhi hiyohiyo, taratibu, kana kwamba walizaliwa mtaa mmoja. Wakija Wakenya alichangamka na kuwatania. Akitokea Mtanzania mwenzake, maneno yalikimbia, yakajaa mafumbo, nami nikabaki nyuma na kitenge changu.

Siku moja alikuja mteja akiwa amefura. Alisema kitambaa alichonunua kimechuja rangi na kuharibu nguo nyingine, na alisema kwa sauti ya kuufikia msikiti. Mimi nilijua kitakachofuata, au nilidhani najua, maana nilishakiigiza mara nyingi. Mama hakusema neno. Alichukua ufagio akaanza kufagia chini ya meza, kisha pembeni, kisha kuizunguka miguu ya yule mwanamke, polepole. Sauti ya mteja ikashuka. Ikashuka tena. Ilipokuwa sauti ya kawaida mama aliegemeza ufagio.

"Umemaliza? Haya, lete kitambaa tukione."

Walilowesha pembe ya kitambaa kwenye beseni, wameinama pamoja. Maji yakawa mekundu. Mama akamchagulia kingine, na mteja akaondoka akimwombea heri.

"Ulijifunza wapi ile?" nilimuuliza.

"Ile ipi?"

"Kungoja vile. Sisi waigizaji tunaisomea miaka."

Alikunja kitenge akakiweka juu ya vingine. "Kwenye ngonjera."

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mama, alipokuwa binti wa shule Morogoro, alikuwa kiongozi wa ngonjera, yale mashairi ya kujibizana yaliyokuwa yakisomwa mbele ya wageni. Alisafiri na kikundi cha shule hadi Dodoma. Mwalimu wao aliwafundisha kwamba ukipanda jukwaani husemi mpaka watu wanyamaze, na wakishanyamaza, ngoja tena kidogo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliniuliza habari za baba yako, alivyotoroka, alivyovuka mipaka. Za kwangu ulikuwa unaziigiza tu."

Nikamwomba anisomee chochote anachokumbuka. Alikataa, akasema amesahau, akapanga kanga zisizohitaji kupangwa. Kisha akasimama wima, mikono kwenye mapaja kama mwanafunzi. Alingoja. Wasomali wawili wa duka la jirani waliacha kupima kitambaa wakageuka.

"Jembe halina uvivu, mvivu ni mshikaji," alianza.

Sauti haikuwa kubwa, lakini ilifika ng'ambo ya barabara. Alisoma beti kadhaa, akakwama, akacheka, akaketi. Mimi nilikuwa nimekaa na kitenge magotini na swali moja: huyu mtu alikuwa wapi miaka yote hii?

Mwaka 2018 niliuandika mchezo upya, safari hii kwa Kiswahili. Msusi alituombea ukumbi wa kanisa lao Joubert Park, na mchungaji akakubali mchezo wa mwanamke wa Kiislamu kama mama uigizwe humo, mradi viti virudishwe mahali pake. Kiswahili changu kilikuwa na matatizo. Msusi alinisikiliza siku ya kwanza akatikisa kichwa: "Dada, unasema sawa na mutoto wa shule mwenye kuogopa mwalimu."

Mama alikuja kwenye mazoezi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi mtupu.

"Umeanza mapema," alisema. "Hawajanyamaza."

"Nani, mama? Hakuna mtu."

"Hata hivyo."

Nikarudi nyuma ya pazia nikaanza tena.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Walikuja mafundi cherehani, walinzi wakiwa tayari na sare za zamu, wanawake waliosukwa nusu kichwa, na watoto wao waliokuwa wakinong'onezana kwa Kizulu. Nilichokiona kutoka jukwaani sijawahi kukiona kwingine. Watanzania walicheka mahali pao, Wakenya mahali pao, na Wakongo walicheka pale nilipokuwa nakunja kitenge tu, jambo ambalo sikulipanga. Mpaka leo sijajua walichekea nini. Nilimuuliza msusi, akasema, "Ile namna," akacheka upya.

Nilipofika kwenye kufagia, nilifagia kimya. Nilitaka kusema, nikangoja. Nilipoona nimengoja kupita kiasi, nikangoja tena kidogo. Hakuna kiti kilicholia. Ndipo mwanamke mmoja nyuma akasema kwa upole, "Sema sasa, mama."

"Umemaliza?" nikasema.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, nami nikahisi kitu ambacho makofi ya mjini hayakuwahi kunipa: nilikuwa nimesikilizwa hata kabla sijafungua mdomo.

Baadaye nilikaa na watazamaji kuzungumza juu ya mchezo. Mama alinyoosha mkono kama mgeni yeyote.

"Kufagia umepatia," alisema. "Ila ufagio umeushika mkono wa kulia. Mimi natumia kushoto."

Nilikuwa nimekaa naye pale mezani miezi, nikimtazama. Mlinzi mmoja akageuka kumwangalia.

"Kumbe huyu aliyeigizwa ni wewe, mama?"

"Ni mimi kidogo," mama alimjibu. "Nyingine ni yeye."

Mhariri wangu alitaka niandike juu ya mchezo huo. Nilikataa kujihakiki, nikampeleka mama Marshalltown ili ahojiwe yeye, nami nikatafsiri. Alieleza kwa utulivu pale nilipofaulu na pale nilipoongopa, hasa kwenye mapishi, maana nilisukuma chapati kama mtu anayepiga pasi. Mhariri aliandika kila kitu. Tulipomaliza aliniambia kando kwamba mchezo wa Kiingereza aliutazama mara mbili, na asingeweza kudhani kwamba ni mwanamke huyuhuyu. Mahojiano yalichapishwa, na shangazi alipiga simu kutoka Soweto kuuliza kwa nini yeye hakuhojiwa.

Mwaka 2019 mama akazoea kufuatana nami ukumbini. Alikuwa mtazamaji mgumu. Aliuliza maswali mchezo ukiendelea, na watu walitugeukia. Mara moja tulitazama mchezo ambamo kijana anavua viatu kabla ya kuzungumza na baba yake waliyekosana naye. Tulipokuwa tukirudi Mayfair tulikwama kwenye foleni ya magari, na mama alikuwa bado anafikiria viatu vile.

"Alivua kwa nini?"

"Heshima," nilisema. "Anaingia kwa mzee wake."

"Mbona mlangoni hakuvua? Alivua alipofika katikati."

"Basi ili asiweze kuondoka haraka."

Alifikiri. "Au vilikuwa vinambana."

Hatukukubaliana, na uhakiki ulikuwa unasubiriwa. Nilimwomba mhariri anivumilie, tukarudi Jumamosi iliyofuata kutazama miguu tu. Kijana aliingia, akafika katikati ya jukwaa, akamtazama baba yake, na safari hii hakuvua; akazungumza naye viatu vikiwa miguuni mpaka mwisho.

Mama alinigusa kiwiko. "Nenda kamuulize," alisema.