Kamba Kumi na Moja

Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa leo yana harufu nzito, ya mbegu na ya joto la mashine, na mimi nikiyanusa tu mkono wangu wa kulia unatafuta gongo la kushika. Juzi nilisimama kwenye mashine hapa Singida mjini na dumu langu, nikajikuta natabasamu peke yangu mpaka kijana wa mashine akaniangalia kwa wasiwasi. Simlaumu. Hata sisi wa Mtinko tumelelewa kumshuku mtu anayecheka bila sababu.

Magongo yetu tuliyapaka mafuta hayo ili jua lisiyapasue. Najua unajiuliza: mpira wa magongo, Mtinko? Hata sisi tulijiuliza. Nilikuwa darasa la tano alipohamia shuleni kwetu Mwalimu Sadiki, kijana mwembamba kutoka Tanga, ambaye alidai mpira unaweza kuchezwa kwa fimbo. Wazee walimwambia fimbo ni ya ng'ombe. Yeye akatukusanya watoto kumi na mmoja, wasichana saba na wavulana wanne, akatufundisha kwa matawi yaliyopinda, kwenye uwanja ambao mbuzi walishaula ukabaki udongo mtupu. Hatukuwa na mchezaji wa akiba. Ukiugua wewe, timu imeugua.

Siku moja akaja na habari: shule moja ya mjini ina timu, na imetualika. Sasa tulihitaji magongo ya kweli, na fundi Njiku, seremala wetu, alikubali kuyachonga ili mradi apate vipimo. Gongo la mtoto, mwalimu alisema, lifike kitovuni. Basi akaja na bunda la kamba ya katani, akatupanga mstari, akampima kila mmoja kuanzia unyayo hadi kitovu, akakata, akafungia karatasi yenye jina. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima kama askari. Magauni yangu yote yalikuwa ya kurithi kwa binamu zangu. Hakuna mtu aliyewahi kunipimia kitu kikawa changu.

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta mtama, nikammwagia habari zote hata kabla sijavua viatu. Ungo ukasimama.

"Amewapima kwa kamba?"

"Ndiyo, mama."

"Mkiwa hai?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza kamba yangu iko wapi, nikamjibu iko kwa fundi. Aliweka ungo chini, mtama ukamwagika, na hakuinama kuuokota.

Hapa inabidi nikueleze, maana hata Mwalimu Sadiki hakuna aliyemweleza mapema. Kwetu mtu alikuwa akipimwa kwa kamba mara moja tu, akiwa amelala na hasemi tena, ili wachimbaji wajue urefu wa shimo. Kamba hiyo hairudi nyumbani. Hufukiwa pamoja naye. Kipimo cha mtu kikibaki mikononi mwa mwingine, kinasubiri kazi yake. Na fundi Njiku, ukiacha vitanda na milango, ndiye aliyetuchongea majeneza kijiji kizima.

Kufikia kesho yake jioni kila mtu alikuwa amepita kwa fundi akijifanya anaulizia bei ya stuli. Kamba kumi na moja zilining'inia kwenye msumari mmoja, na chini yake kulikuwa na jeneza la bibi mmoja wa kitongoji cha jirani, halijamalizika. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Kwa nini watoto? Kwa nini kijana mwenye mshahara hajaoa? Kwa nini anakula amefunga mlango? Mama mmoja alikumbuka kwamba mwalimu alimuuliza jina la mwanawe mara mbili. Nami, aibu yangu naisema, nilianza kujishika kitovu kila saa kuona kama hakijapungua.

Baba peke yake ndiye aliyejaribu kutuliza mambo. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka," alisema taratibu, na mama akamwambia anyamaze. Sikuuliza nyoka gani. Nilichokuwa nakiwaza ni mechi tu, maana mama alikuwa ametamka kwamba siendi, na bila mimi wangebaki kumi.

Wamama walikwenda shuleni, mama yangu mbele, mwenyekiti wa kijiji nyuma akitembea kama mtu anayesukumwa. Mwalimu Sadiki alipoelewa shtaka lake akafanya kosa kubwa kuliko lile la kamba: alicheka. Nakuambia, nusura afungashe virago siku ile ile.

Mama akangoja kicheko kiishe. "Mwalimu, hatujaja kugombana," alisema. "Kamba za wanetu unazo wewe. Basi na wewe upimwe, ya kwako tukae nayo sisi. Wakirudi salama, utachukua yako."

"Lakini mama, huu ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, unaogopa nini?"

Jasho lilimtoka. Nilimwona akimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama viatu vyake. Mwishowe akainua mikono, na mama akapiga magoti akampima unyayo hadi kitovu, akakata, akafunga kamba ile kwenye pindo la kanga yake.

Tulikwenda mjini kwa lori la vitunguu. Tulifungwa manane kwa moja, na hilo moja ni langu, naomba likumbukwe. Tuliporudi wamama walikuwa wamejipanga barabarani, wakatutaja majina mmoja mmoja tukishuka. Mwalimu Sadiki akapewa kamba yake. Akaomba kiberiti, akaichoma pale pale, na safari hii hakucheka. Za kwetu kila mama alichukua ya mwanawe. Yangu sikuiona tena.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kuchekesha watu, mama akiwa ndiye kichekesho. Mwaka juzi baba alifariki. Asubuhi ya mazishi baba mdogo aliniita pembeni akaniomba kamba, nami nikaketi chini nyuma ya nyumba nikalia. Mama akanifuata. Akaanza kunisimulia kwa Kinyaturu habari za kaka yangu Elia, ambaye kwangu alikuwa jina tu, maana alifariki sijaanza hata kutambaa. Aliugua, baba akampeleka hospitali, mama akabaki na mimi mgongoni, akipura alizeti. Mchana baba mdogo huyu huyu alikuja kumwomba kamba. Mama alidhani ng'ombe wake amekata kamba tena, akamtania.

"Nilimchagulia mpya," alisema. "Nikamwambia, shika hii shemeji, hii haikatiki. Akaipokea, akashindwa kuniambia."

Nami niliona haya kwa kila kicheko nilichowahi kukipata kwa kisa kile. Siku ile kwenye ungo sikujua kwamba mama alikuwa anauliza, kwa kuchelewa miaka kumi, swali ambalo hakumuuliza shemeji yake: kamba hii ni ya nini.