Siagi Nyeupe ya Memsabu

Shangazi yangu Batuli hakuwa mtu wa kuficha maoni, hasa kuhusu unga. Wakati wa Mwingereza alifanya kazi jikoni kwa memsabu mmoja wa Sekei, na kabla ya hapo alikuwa amefundishwa kuoka nankatai, zile biskuti za Kihindi, na mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kwa hiyo alijiona hakimu wa pande zote mbili. Mzungu, alikuwa akisema, hupika kwa mizani: mikono iwe baridi, siagi iwe baridi, na biskuti ikitoka hapo haina harufu wala salamu. Mhindi hupika kwa pua: samli, iliki, kungumanga kidogo, na mtaa mzima ujue. Yeye alikuwa upande wa pua, na pale mtaani kwetu karibu na soko hakukuwa na maulidi wala harusi bila nankatai zake.

Memsabu aliporudi kwao Ulaya alimwachia vyombo na kopo kubwa la mafuta. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Yale mafuta aliyaita siagi nyeupe. Shangazi alikuwa akiyakandia unga wa pai za Kizungu, ambazo hakuzila kwa sababu nyama ya ndani haikuchinjwa na Mwislamu. Jina hakulitilia shaka. Kwenye baridi ya kwetu, chini ya Mlima Meru, hata samli huganda ikawa nyeupe, sasa siagi ikiwa nyeupe kuna ajabu gani?

Mwaka huo ukame uliua ng'ombe, na kina mama wa Kimasai waliokuwa wakileta samli sokoni wakawa hawaonekani. Maulidi yakafika, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Arafa. Shangazi akafungua kopo. Nankatai zikatoka laini, zinavunjika zenyewe, na iliki ikafunika harufu nyingine zote. Watu wakaja kuchukua masinia.

Alikuwa akisugua sufuria kwa majivu Anande alipoingia kuazima chekeche. Huyu alikuwa jirani, Mmeru na Mlutheri, naye alipikia Wazungu. Aliliona kopo, akachota kwa kidole, akanusa.

“Mama Jamaldini, haya umeyatia kwenye nini?”

“Nankatai za maulidi. Ni siagi nyeupe.”

“Si siagi, mama. Ni mafuta ya nguruwe.”

Shangazi hakuuliza mara mbili. Alitoka na majivu yake mikononi, amejaa hofu, maana aliujua utaratibu: watu husimama, hunyunyiziwa marashi, wakikaa ni dua, na baada ya dua ni masinia. Alipofika uani kwa Bi Arafa walikuwa bado wamesimama, kasida imepamba moto.

Masinia yalikuwa jikoni, yamefunikwa kawa. Wifi yake Mwanahalima alipoambiwa alishika kichwa, kisha akapata akili ya haraka: wazimwage, waseme zimeungua. Nani atajua? Na kweli, nani angejua? Shangazi alikuwa ameshainua sinia la kwanza alipoona kawa moja imekaa upande. Bi Arafa, ambaye miguu haikumruhusu kusimama na wenzake, alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jikoni, na kanga yake imejaa chembechembe za nankatai.

Wanaosema aibu haiui hawajawahi kuionja. Bi Arafa alikuwa hasikii vizuri; kumwambia yeye ilikuwa kuwaambia wote. Shangazi aliweka sinia chini, akapiga magoti mbele yake, akanong'ona. Bikizee akatega sikio, akamwambia arudie. Huko sebuleni kasida ilikuwa imekwisha, watu wanakaa, kimya, shangazi akapaza sauti.

“Mama, nisamehe. Nimekulisha nguruwe.”

Hata wanaume walisikia. Bi Arafa aliomba maji, akasukutua, akasema asiyejua hana dhambi. Kisha akaomba maji tena.

Mtaa haukuwa mwepesi hivyo. Harusi nyingi zilipita na nankatai za watu wengine, na shangazi alilia sana mwaka ule. Aliyemrudisha ni Bi Arafa. Samli ilipopatikana alimwagiza aoke, akala mbele za watu, na kila maulidi ikawa hivyo mpaka alipofariki. Alikuwa akichukua moja, akitafuna polepole, akitazama mbali kama anayekumbuka ladha nyingine.

“Nzuri,” alikuwa akisema. Halafu anashusha pumzi. “Nzuri, mwanangu. Tuishie hapohapo.”