Paswedi ya Thelathini na Moja

Tulimwita Fundi Kimya. Miaka kumi na tisa aliitunza programu ya kupanga zamu za wauguzi. Aliiandika peke yake kwenye kompyuta moja ya ofisini, na hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Meneja mpya alipoleta kompyuta mpya, alimwambia mbele yetu: "Ijumaa programu ifanye kazi kwenye hizi. Ikigoma, na wewe kazi huna."

Ijumaa saa nne tuliitwa chumba cha mikutano. Fundi alikuwa amepiga pasi hadi kola. Akabonyeza. Kosa. Akabonyeza tena, kosa lile lile. Programu ilikuwa inaitafuta diski ya kompyuta ya zamani, kwa jina lake, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Jina la diski umeliandika humo humo ndani?" aliuliza binti mtunga programu, mwajiriwa wetu mpya.

"Wakati ule kompyuta ilikuwa moja, mwanangu."

"Hebu pisha, babu."

Akaifungua programu, projekta ikaitupa mistari ukutani kwa herufi kubwa. Chini ya jina la diski kulikuwa na paswedi, wazi kabisa: mkewanguatarudi31.

Ofisini kwetu paswedi lazima ibadilishwe kila miezi mitatu. Yeye alikuwa akiongeza namba tu. Binti akapiga hesabu. "Thelathini na moja mara tatu... Karibu miaka minane! Babu, huyo harudi. Huyo ameshazaa huko."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka.

Meneja alijifuta machozi. "Somo la leo ndilo hilo. Paswedi haikai ndani ya programu, programu haifungwi kwenye mashine moja, na mke haombwi kwa kompyuta."

"Nipe wiki mbili, bosi. Nitaitoa mistari hiyo yote."

"Umekuwa na miaka kumi na tisa! Mgema akisifiwa, ndiyo haya." Akamgeukia binti. "Wewe?"

"Siku tatu. Ila akae nami anieleze."

Alikaa naye. Alieleza mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini, hata pale ambapo binti hakuuliza. Kila jioni alimwuliza meneja kama sasa atabaki, na meneja alimjibu, "Tutaona."

Siku ya tatu programu ilifanya kazi kwenye kompyuta zote kumi na mbili. Fundi alitabasamu, akaenda kusimama mlangoni kwa meneja.

Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari tangu Ijumaa asubuhi, kabla ya mkutano. Niliichapa mimi.