Mwizi wa Kaseti Aliyetunza Wimbo Wetu

Jumatatu asubuhi mke wangu alirudi kutoka ziwani na madumu ya maji, akaniambia kwamba yule muzee wa kaseti amefariki nyumbani kwake Lac Vert, baada ya kuugua kifua kwa wiki mbili. Wasomaji wangu wenye mvi watamkumbuka. Alikuwa na kibanda Birere, mtaa wetu wa biashara karibu na mpaka. Ulimpelekea kaseti moja, ukaondoka na mbili. Sitamtaja jina. Hakupenda kutajwa, maana kazi yake yote ilikuwa kunakili muziki wa watu bila kuwauliza, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomchukia kwa ajili hiyo.

Wakati ule nilikuwa katibu wa kwaya ya parokia yetu. Tulikuwa na wimbo mmoja wa kushukuru mavuno, uliotungwa na mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Kibumba. Yeye ndiye aliyeuongoza, kwa sauti nzito kidogo ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuisahau. Tuliurekodi kwa taabu, tukaanza kuuza kaseti mlangoni mwa kanisa, na kabla wiki haijaisha wimbo ulikuwa ukilia Birere nzima. Nikaenda kwenye kibanda pamoja na polisi. Muzee hakubisha. Alizitoa nakala zote zilizokuwa kibandani akaziweka juu ya meza. “Muko na haki, katibu,” akasema. “Lakini batu banaupenda.” Polisi alimchukulia na redio zake mbili. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Kisha volkano ikashusha moto hadi katikati ya mji. Kanisa letu liliungua, pamoja na kabati lililokuwa na rekodi yetu ya asili na kaseti zote zilizobaki. Tulivuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi, na huko, kando ya barabara, nilimkuta yule muzee ameketi juu ya gunia. Wenzake walikuwa wamekimbia na magodoro na sufuria. Yeye alikuwa amekimbia na kaseti. Aliponiona alifungua gunia, akatafuta, akanipa moja. “Hii nilikuwa nakopia nayo zile zingine. Ilibakia kwa nyumba ile siku mulizichukua,” akasema. Nikaitia mfukoni. Tulipoisikiliza baadaye, tuligundua kwamba alikuwa amenakili kwa kuelekeza redio moja kwenye nyingine, kwa hiyo katikati ya ubeti wa pili anasikika akikohoa. Tulicheka sana, na baadhi yetu walikuwa wakilia.

Miaka ikapita, waasi wakaja, wakaondoka, wakaja tena. Vita vya mwisho vilimtoa yule mama kwao Kibumba, akaishia chini ya hema kwenye kambi ya Kanyaruchinya. Nilitaka watu wausikie wimbo wake na wajue ni wake, nikaupandisha kwenye mtandao, kwenye ukurasa wa kwaya, pamoja na jina lake. Siku ya pili ukaondolewa. Niliandikiwa kwamba wimbo huo umeandikishwa kuwa mali ya kampuni fulani ya ng’ambo, na kwamba nikirudia, ukurasa wote utafungwa. Nilijaribu kujieleza, lakini kila nilichoandika kilijibiwa kwa maneno yale yale, na mashine. Nilipompelekea mama habari hiyo, aliacha kumenya viazi akanitazama. “Sasa nikiimba hapa kwa hema,” akauliza, “batanifunga?”

Nikamwendea muzee kumuuliza wimbo ulifikaje huko. Tulikaa uani kwake tukasikiliza kwenye simu rekodi ambayo kampuni ile inadai ni yake. Ubeti wa pili ulipofika, mtu akakohoa. Muzee alivua kofia. “Katibu, ile kikohozi ni yangu,” akasema. Akakumbuka kwamba zamani alimuuzia nakala mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Ulaya. Nikamweleza kwamba ushahidi tunao, ila ni lazima aandike na kutia saini kwamba alinakili bila ruhusa, na kwamba karatasi hiyo yaweza kutumika dhidi yake. Alivaa kofia yake tena. Kisha akasema, “Andika. Andika: ni mimi niliiba. Nitatia sinyatire.”

Niliituma karatasi kwa kampuni, na baada ya miezi miwili iliachia wimbo, ukarudi na jina la mama. Nilidhani yamekwisha, lakini muzee aliniomba nimpeleke Kanyaruchinya. Alisimama mbele ya hema, kofia mkononi. “Mama, nilikopia wimbo yako zamani. Nimekuja kuuliza ruhusa.” Mama akamsogezea kiti cha plastiki. “Umeuliza,” akasema. “Ikaa, tukule.”

Siwezi kuandika kwamba kunakili si kosa. Yeye mwenyewe asingekubali. Alikiri kwa mkono wake, akaenda kuomba radhi kwa miguu yake. Mtunzi ana haki ya kulindwa, na ningependa sheria imlinde hata yule anayelala chini ya turubai. Lakini sheria iliyotufikia kupitia mtandao ilimlinda aliyetangulia kuandikisha, ikamnyamazisha aliyetunga, wala haikuwa na mahali pa kumsikiliza. Ilibidi muzee wa kaseti ajiite mwizi ndipo isikie. Wanaotunga sheria hizi na wanaozitia ndani ya mashine, naomba kabla ya kufunga mdomo wa mtu wamuulize kwanza wimbo ameutoa wapi.