Mate ya Mbu

Kila ninapokamua ndimu juu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, harufu yake hunirudisha darasa la utotoni, mtaani Keshero, na hasira hunipanda upya. Asubuhi ile mama alikuwa amenisugua mikono kwa ndimu, maana mbu walikuwa wameniuma hadi nikajaa vinundu. Darasani vikaniwasha, nikajikuna, mwalimu akaniona.

Aliniita mbele, akainua mkono wangu kwa rula. "Mumuangalie. Huu ni upele. Mama yake hamuogeshi."

Wenzangu wa benchi wakasogea mbali. Mama yangu, aliyechota maji ziwani alfajiri ili niende nimeoga! Mwalimu akanifukuza nyumbani.

Mama mudogo, aliyekuwa muuguzi, alinirudisha saa ileile akiwa amenishika mkono.

"Mwalimu, huu si uchafu. Mbu akiuma anaacha mate ndani ya ngozi. Mwili unajua kama mate hayo si yake, unapigana nayo, ndiyo maana pale panavimba na kuwasha. Mutoto musafi na muchafu, wote wanawashwa."

"Sawa, akae."

"Ulimutukana mbele ya wote. Umuombe samahani mbele ya wote."

Mwalimu akatugeuzia mgongo, akaanza kuandika ubaoni. "Nimesema akae."

Sikukaa. Mama mudogo akaegemea ukuta kando yangu, akakunja mikono. Mwalimu aliandika, akaandika, mpaka ubao ukajaa, na alipokosa pa kuandika ikabidi ageuke atutazame.