Yaya Angèle alichagua muji kwa kilio

Dokta alimuambia yaya wangu Angèle, dada yangu mukubwa, maneno mafupi: ukibaki Shituru, kifua kitakuua. Nyumba yao ya kampani, yenye yeye na shemeji Germain waliingia tangu ndoa, iko nyuma ya usine, kiwanda cha shaba, na moshi ilikuwa inaingia mpaka mu sahani ya bukari, ugali wetu. Dokta akasema batafute muji yenye hewa ya muzuri, na basikawie.

Bantu bengine banachagua muji juu ya kazi, ao masomo ya batoto, ao bei ya unga. Yaya wangu, hapana. Alijiona muntu wa kufa kesho, na alikuwa na woga moja tu: kuzikwa na bantu benye habamujue. Kwetu Shituru, muntu akikufa, avenue nzima, mutaa wote, inahamia pale. Bamama banaleta unga na makala ya kupikia, banatandika mikeka, banalala chini mpaka kilio kinaisha. Yaya hakukosaka kilio hata kimoja, hata cha muntu mwenye walikosana naye. Basi kila muji tulipofika kuangalia, hakuuliza maji ao nyumba. Aliuliza: «Kilio kiko wapi?» Anafunga kitambaa, anaenda kukaa pale na kuangalia namna banalia.

Lubumbashi, kwa binti yake Danielle, alikuta viti vya kukodi na muziki, bantu banakula, bananawa, banaenda. «Pale banalia na macho ku saa,» aliniambia. Kolwezi, kwa Didier, mudogo wetu, kila muntu amekuja juu ya kazi ya migodi, na mu kilio hakupata hata mumoja mwenye alijua marehemu alizaliwa wapi. Minye nilikasirika. Nilimuambia, «Yaya, dokta alikutuma kutafuta hewa, weye unatafuta machozi.» Alicheka mpaka akakohoa. Shemeji Germain, mwanaume wa pole sana, yeye alibeba tu mifuko. «Mama Danielle akipenda, na minye nimependa.» Njo neno lake kila mara.

Kisha bakaenda Kasenga, ku muto Luapula, kule hakuna moshi ya usine. Siku walifika, kulikuwa kilio cha muchuuzi mumoja wa samaki. Bamama balijitupa chini, baliimba Kibemba mpaka sauti zikakauka, balilala mu udongo, na mumoja alimushika yaya mukono usiku muzima bila kumujua. Asubuhi alinipigia simu. «Bibiane, nimepata. Hapa banajua kulia.» Baliuzisha kitanda na kabati, bakahama mbele ya mvula kuanza.

Hewa ilifanya kazi yake, nisikatale. Kikohozi kilipunguka, yaya akanona. Lakini siku jirani alikufa, alienda na mukeka wake, akajikuta karibu peke yake. Akamuuliza Marlène, mama wa nyumba ya pembeni, bale bamama ba siku ile bako wapi. Marlène akashangaa. Kumbe muchuuzi yule alikuwa muntu wa Pweto, muji wa mbali, na benye walilia ni ndugu zake. Walikuja na lori, wakarudia na lori. Muda wote huo, yaya hakuulizaka benye balilia ni bantu ba wapi. Ku simu alijaribu kucheka. Nikamuambia arudie. «Kifua kimepona, Bibiane,» alijibu. «Nitakufa polepole.»

Aliyekufa ni Germain. Homa tu, ya siku chache. Avenue yetu ya Shituru ilichanga unga, tukakodi lori, lakini kupita Lubumbashi matope ilitushika, na ku joto ya kule maiti haingoje. Tulifika akiwa amekwisha kuzikwa. Yaya alikuwa amekaa ku mukeka, miguu imenyooka, pembeni Danielle na Marlène, basi. Tulijitupa chini, tukalia na moyo wote, na yeye alituangalia tu.

Kisha akanivuta karibu. «Nilichagua kilio changu minye,» alisema. «Juu yake yeye sikuwaza hata siku moja. Hata sikumuulizaka kama anapenda hapa.» Nilikuwa nimesafiri na maneno mengi ya kumukemea, lakini nilikaa pembeni yake ku mukeka, nikanyoosha miguu kama yeye.

Siku ya kurudia, minye mwenyewe nilifunga mufuko wake. Yaya akaufungua, akatosha kitenge kimoja kimoja, akavirudisha ku kamba.

«Nikienda na minye, nani hapa Kasenga anamujua Germain?»

Nilimubembeleza, Danielle akapiga magoti, lori ikapiga honi. Hakuinuka. Mwezi uliopita nilimuuliza ku simu dokta wa kule anasema nini. Alisema kifua ni kizima kabisa, na yeye iko na miaka mingi ya kuishi bado. Aliyasema pole pole, kama muntu anasomewa hukumu, na minye nilishukuru Mungu huku nalia.