Siku Niliyomfunga Bukuru Miguu kwenye Pikipiki

Jambo hili nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu, mchungaji wetu, na hata kwake nililipunguza. Leo nawaambia lote, kwa sababu hapa Kitahana kila mtu ana namna yake ya kulisimulia na zote ni za kunicheka, bora mnisikie mwenyewe nikijicheka, ingawa tukifika mwisho mtaona hakuna cha kuchekesha.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa hivi hivi. Niliondoka hapa na matokeo mabaya ya kidato cha nne, nikauza soksi barabarani Mwanza, nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya maendeleo ya jamii (mwenyewe, sikuchangiwa na mtu, na hilo hulisema hata nisipoulizwa), halafu nikafanya kazi miaka miwili kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu. Huko ndiko nilikopata mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku tatu. Cheti chake nilikitia kwenye fremu, nikarudi nacho nyumbani pamoja na sanduku jekundu la bandeji, na kila aliyejikata na jembe akaletwa kwangu, na kabla mwezi haujaisha jina langu likawa limekufa, nikawa Dokta. Sikumkatalia mtu.

Sasa, huku kwetu kila kitongoji kina machela yake, ile ya kusuka kwa mianzi tunayoiita ingobyi. Kila kaya inatoa mtu wa kubeba. Mgonjwa akizidiwa inapigwa filimbi, mnaacha majembe, mnamlaza, mnambeba mabegani mkipokezana mpaka kituo cha afya, mwendo wa saa nzima na zaidi. Niliporudi, katibu wa machela, Nyandwi muuza nyama, alitaka kuniandikisha. Nikamjibu palepale buchani kwake, mbele ya wateja:

"Nyandwi, mimi nina pikipiki. Mambo ya kubebana kama maiti nimewaachia ninyi."

Akaendelea kukata mbavu. "Sawa, Dokta. Usiku mwema," akasema, na ilikuwa asubuhi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, sikuelewa kwamba wananicheka mimi.

Siku yenyewe mafundi walikuwa wanamalizia kuezeka nyumba yangu (vyumba vinne, mabati ya rangi, msiulize). Fundi mkuu alikuwa Bukuru, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, niliyekuwa nikigawana naye kalamu moja kwa kuivunja katikati. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, mimi nimesimama chini nikielekeza, kwa sauti, jinsi kofia ya bati, ile ya kufunika kilele cha paa, inavyopigwa misumari Mwanza, naye ananijibu kutoka juu, "Dokta, shuka kwanza kwenye hiyo diploma uje unishikie ngazi." Sikwenda kushika ngazi. Akakanyaga ubao ambao haukuwa umepigiliwa, nikaona soli za viatu vyake, halafu nikasikia kishindo.

Alianguka chali juu ya lundo la matofali ya kuchoma. Mguu wa kulia ulikuwa umechanika chini ya goti, damu inatoka, mfupa karibu unaonekana. Mke wake, Mama Editha, aliyekuwa amewaletea mafundi uji, akatupa ndoo. "Yoo, mawe!" akalia kwa Kiha, akimwita mama yake, akamkimbilia.

Nami? Nilikimbilia ndani kutafuta glavu. Nilipotoka nimezivaa, uwanja umeshajaa watu kutoka sokoni, na niwaambie ukweli, nilipouona ule umati kifua kilipanda. Nikaanza kufanya kazi huku nafundisha, kama mkufunzi wetu wa kule kambini: kwanza usalama wa eneo, pili kuzuia damu, nasema na huku nafanya. Nikauinua mguu, nikaubana, nikaufunga bandeji nyeupe safi kama ya kwenye picha. Bukuru hakujikunja hata kidogo. Nikawageukia watu nikasema, "Mnaona mkono mwepesi? Hata haumii."

Bukuru alikuwa ananitazama tu. Akaniuliza polepole, "Miguu yangu iko wapi?"

Nikamjibu, "Ipo ndugu yangu, yote miwili, nimeihesabu."

Watu wakacheka. Alicheka hata yeye kidogo, kwa midomo. Mama Editha hakucheka. Alikuwa amechuchumaa miguuni mwa mumewe, amevishika vidole vyake, akaniambia, "Shemeji, hebu mtazame huku. Namminya hashtuki."

"Shemeji, niachie nafasi nifanye kazi," nikasema.

Nyandwi alikuwa amefika, bado na aproni yake yenye damu. "Filimbi nimeshapiga, vijana wanaifuata machela," akasema. "Alale hivyohivyo, tumtelezeshe taratibu."

Hapo ndipo penyewe. Kama ningenyamaza hapo, nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini niliwaza: huyu ataibeba machela kupita barabara nzima ya Kitahana, nami, Dokta, nitembee nyuma yake, mtu ambaye hata kwenye daftari lao simo. Nikasema, "Saa nzima njiani na mtu anatoka damu? Shabani, washa pikipiki yangu!" (Damu yenyewe ilikuwa imeshakata, nilikuwa nimetoka kuikata mwenyewe na kujisifu.)

Shabani wa bodaboda akasita. "Dokta, huyu ataweza kukaa?"

"Nitamshika mimi."

Tukamwinua, wawili kwapani na mmoja magotini, tukamkalisha katikati ya Shabani na mimi kama mshikaki. Miguu ikaning'inia. Tukaiweka kwenye vikanyagio, ikateleza. Tukaiweka tena, ikateleza tena, na mtu mwingine yeyote pale angejiuliza kwa nini. Mimi nilitoa bandeji mbili mpya nikamfunga, kila mguu kwenye kikanyagio chake, mafundo mazuri ya kutofunguka tuliyofundishwa, nikavuta kuyajaribu. Nikawaambia watu, "Hii ndiyo inaitwa ubunifu."

Ile barabara mnaijua, mvua zimeichimba mpaka imebaki mawe na makorongo. Kila shimo nilisikia kichwa cha Bukuru kikigonga kidevu changu. Mara moja alisema, "Tumbo linaungua." Nikampigapiga begani, nikamwambia tunafika.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa, siku ya kliniki ya watoto, akina mama hadi nje barazani. Tabibu, kijana mdogo kuliko mimi, akatoka mbio, akamtazama Bukuru, akaitazama miguu, akasimama.

"Nani amefunga hivi?"

Mungu anisamehe, nilijibu kwa furaha. "Ni mimi. Ilikuwa inateleza, nikaonelea niidhibiti."

Tabibu akaita machela yao ngumu, wakakata mafundo yangu kwa mkasi, wakamshusha watu sita, mmoja ameshika kichwa tu, hafanyi kingine. Wakamlaza palepale barazani. Tabibu akatoa kalamu mfukoni, akamchoma nyayo.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akapanda gotini. "Hapa?"

"Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu pale chini kwenye matofali," Bukuru akasema. "Nilimwambia dokta."

"Dokta gani?"

Bukuru hakunyoosha kidole. Hakuhitaji. Shabani alikuwa ananitazama, wauguzi wakanitazama, akina mama wote na watoto wao mgongoni wakanigeukia, nami nimesimama na glavu zangu mkononi. Tabibu akaniuliza nimesoma chuo gani cha udaktari. Nikasema nina diploma. Ya nini? Nikasema, kwa sauti ambayo mama wa mbele aliniomba nirudie, "Ya maendeleo ya jamii." Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akaacha, na kule kuacha kwake kuliniuma kuliko kicheko.

Waliokuja na machela walifika baadaye, jasho linawatiririka, machela tupu mabegani, kwa sababu walisema huenda tumekwama njiani. Nyandwi alinipita, akaenda kuchuchumaa kando ya Bukuru. Nilitamani anitukane.

Bukuru alipelekwa Kibondo mjini, kutoka huko akapelekwa mbali zaidi, akarudi baada ya miezi kwenye kiti cha magurudumu. Mgongo ulikuwa umevunjika. Nilimfuata yule tabibu kijana, nikamuuliza jambo moja tu: uliumia alipoanguka, au nilipomkalisha? Akasema hakuna anayeweza kujua, labda uti wa mgongo ulikuwa umeshakatika, labda ulikuwa haujakatika wote. Nilikwenda nikitaka aniambie la kwanza, hata la pili ningelibeba. Hilo la katikati ndilo ninaloishi nalo, nalala nalo na kuamka nalo.

Fremu nimeishusha ukutani. Anayeniita Dokta sasa hunichokoza tu, nami nimewaomba waniite Elia, jina alilonipa mama.

Siku ya kwanza nilipokwenda kwake kuomba msamaha nilikuwa nimeandaa hotuba (mnanijua). Bukuru akanikatiza. "Elia, hukunisukuma juu ya bati. Nilianguka mwenyewe." Halafu akasema, "Lakini nilikuuliza swali, ukanijibu kwa kuwachekesha watu."

Wauguzi walimfundisha Mama Editha kwamba mtu asiyesikia mwili anageuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda. Yeye ana shamba na watoto wanne. Kwa hiyo kila asubuhi akienda shamba nakwenda mimi, namgeuza, namwosha, tunasikiliza redio. Niliapa, na sijawahi kuapa jambo nikalishika kama hili, kwamba sitamgusa tena mtu aliyeumia kabla hajaniambia mwenyewe anasikia nini na hasikii nini, hata akichukua muda gani. Asubuhi naweka mikono chini ya mabega yake, simwinui. Namuuliza, "Bukuru, leo unasikia wapi?"

Kuna siku anajibu haraka, kuna siku anatazama dari muda mrefu. Nami nasubiri.